Mzee wa Tanuri na Kadi Yangu ya Moshi

Alizaliwa wapi na kwa nani, sijui. Nilimwuliza mara moja tu, kwa sababu daftari langu lilikuwa na nafasi ya kujaza ukoo wa kila mfanyakazi, akanijibu kwamba ukoo wake hauchomi chokaa, anayechoma ni yeye. Nafasi ile nikaitia kistari. Kwa hiyo nitakayoandika hapa ni yale niliyoyaona kwa macho yangu katika miaka tuliyokuwa pamoja pale Dodoma, enzi za Mdachi, yaani Mjerumani, yeye akiwa mkuu wa tanuri la chokaa, nami nikiwa karani wa serikali niliyetumwa kupima moshi wake. Ndiyo, kupima moshi. Usicheke bado, ya kuchekesha yapo mengi mbele.

Wote tulimwita Mzee wa Tanuri. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye masikio yaliyotogwa ndewe kubwa kama ilivyo desturi ya Wagogo, na katika ndewe ya kulia alichomeka kikopo cha mwanzi chenye ugoro. Ukisimama naye kwa mazungumzo marefu ungemwona akipandisha mkono sikioni, ukadhani anajikuna, kumbe anachota. Chakula angekugawia, shuka angekuazima, hata mahali pake pa kulala angekupisha. Lakini ukimwomba ugoro aligeuka kiziwi, na kiziwi wa sikio lile lile lenye kikopo.

Mimi wakati huo nilikuwa na viatu. Kila aliyenifahamu alilifahamu hilo kwanza, maana vilikuwa vya ngozi na vililia kila hatua, nami nilitembea polepole ili vilie vizuri. Nilikuwa nimetoka shule ya serikali huko pwani, najua kusoma, kuandika, kuhesabu na maneno kadhaa ya Kidachi ambayo Wadachi wenyewe hawakuyatambua. Mzee alikuwa rika la babu yangu, lakini wiki nzima ya kwanza sikumpa shikamoo. Nilingoja anianze yeye. Naye alinianza kila asubuhi kwa furaha kabisa, "Mbukwenyi, Karani," kama mtu asiyejua kwamba amenyimwa kitu, mpaka siku ya nane nikashindwa na aibu, nikamwamkia. Aliitikia marahaba huku akiendelea kupanga kuni.

Tanuri lenyewe lilikuwa nje kidogo ya mji, chini ya kilima cha mawe. Chokaa yake ilijenga nyumba za stesheni na kupaka kuta za boma. Mawe na kuni vilipangwa tabaka juu ya tabaka, kisha moto ukawashwa, na ukishawashwa hauachwi kwa siku kadhaa. Watu kumi hivi, wengi wao wa vijiji vya mbali, walipika pale na kulala pale mpaka moto uishe. Ukiniuliza Mzee alikuwa na kazi gani, sitakwambia kuchoma chokaa. Kazi yake, kama alivyoiona mwenyewe, ilikuwa kuhakikisha kwamba watu waliolala tanurini jioni ndio hao hao wanaoamka asubuhi. Kulipopambazuka aliwapitia mmoja mmoja akiwagusa nyayo, na hakunywa hata maji kabla hajamaliza.

Tanuri alilifanya ng'ombe. Kwa mtu aliyekulia zizini hilo si jina la dharau, nadhani lilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Siku ya kwanza, moshi mweusi ukipanda, alisema, "Anakula." Siku ya pili, moshi ukiwa mwembamba wa kijivu, alisema, "Ameshiba." Halafu hufika wakati ambapo moshi hauonekani kabisa, mawe yanang'aa mekundu ndani, na hewa ya juu inatetemeka kidogo tu. Mgeni angedhani hatari imepita. Mzee hapo ndipo aliposhusha sauti.

"Anacheua sasa," alisema. "Pumzi yake inashuka chini, inatambaa. Inatafuta bonde, inalala. Ikimkuta mtu kalala hapo, hawaamki pamoja."

Msomi wa pwani nilisikia hayo nikatabasamu kwa huruma. Nilijiambia, maskini, hawa watu wa bara wana mambo yao.

Kila jioni, kabla watu hawajatandika, alichukua kijinga chenye mwali, akainama nacho na kukipitisha karibu na ardhi, shimo kwa shimo, kama anayetafuta sindano. Mwali ukiwaka sawasawa, alisema, "Hapa sawa." Ukififia au kuzimika, aliweka jiwe, na aliyelala penye jiwe alichapwa fimbo za makalio hata kama ni mtu mzima mwenye wake wawili. Juu ya hayo alikuwa amejenga ulingo, jukwaa la miti la kimo cha kifua, upande unakotoka upepo, na alitaka wote walale juu yake. Joto la tanuri liliwafikia kidogo tu kule juu, wakamnung'unikia. Aliwaambia anayetaka joto zaidi akaoe.

Sasa niseme nilivyoingia mimi. Shuka za boma zilianikwa nyeupe zikaanuliwa na madoa ya masizi. Mpishi wa boma akazipeleka kwa Bwana Shauri, yule Mdachi aliyesikiliza kesi na kutoa hukumu. Bwana Shauri akaandika barua pwani, na pwani wakajibu kwa karatasi yenye vifungu vya kuzuia moshi mbaya, na ndani ya bahasha hiyo hiyo palikuwa na kadi. Nilikabidhiwa kadi ile kwa mikono miwili. Ilikuwa na vyumba vitano vilivyochorwa kwa mistari: cha kwanza cheupe, cha mwisho cheusi, vya katikati vikizidi kukolea. Mpimaji husimama mbali, hunyoosha mkono, hutazama moshi, hutazama kadi, kisha huandika namba. Sifuri ni hewa safi. Nne ni kosa. Nilipaswa kufanya hivyo saa moja asubuhi, saa sita na saa kumi, kila siku ya Mungu.

Nilivimba. Usiku wa kwanza nilimwamsha mke wangu nimpimie moshi wa kibatari. Ulikuwa namba mbili, nikamkaripia, akavuta shuka akanigeuzia mgongo.

Wiki zile za mwanzo niliandika moshi uliokuwepo na usiokuwepo. Nililiandikia kosa vumbi la kimbunga lililopita nyuma ya kilima. Nililiandikia kosa jiko la boma lenyewe, na mpishi, ambaye ndiye aliyeanzisha mambo yote haya, alinifukuza na mwiko. Gari moshi lilipoingia stesheni nilinyoosha kadi kwa bidii na kukuta kwamba moshi wake unazidi chumba changu cha mwisho, lakini niliposoma tena vifungu niliona gari moshi halikutajwa. Lilikuwa mali ya wenye vifungu. Halafu kuna vumbi la Dodoma, ambalo haliogopi cheo cha mtu. Baada ya miezi michache chumba changu cheupe kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kwa kuwa nilikuwa nikilinganisha moshi na chai, hewa ya Dodoma iliendelea kutakata daftarini mwezi hadi mwezi. Bwana Shauri alinisifu.

Mzee alipoiona kadi kwa mara ya kwanza aliichunguza sana. Aliigeuza nyuma, akainusa.

"Na ule usioonekana," aliniuliza, "unaupimia chumba kipi?"

Nikamwonyesha cheupe. "Hapa. Sifuri. Maana yake haupo."

"Basi hapo pameandikwa uongo."

"Mzee, kadi hii imetoka Ulaya."

"Imetoka mbali," alikubali kwa upole, akanirudishia.

Nisimfanye malaika. Mtu huyu aliyeogopa pumzi ya tanuri alikuwa akiishi ndani ya tembe lisilo na dirisha, mke wake akipikia humo humo, na moshi ukiwa mzito kiasi kwamba nilipomtembelea mara ya kwanza nilisalimiana na mtungi. Nilitoa kadi pale pale. Alicheka huku akikohoa, machozi yanamtoka, akasema huu wa nyumbani wamezoeana. Nilimweleza kwamba mapafu hayajui nyumbani na kazini. Akanijibu kwamba mkewe anajua, na kama nina ushujaa nimwambie yeye ahamishe mafiga. Sikuwa nao. Pia alikuwa mbishi, alikuwa na kinyongo cha miaka na shemeji yake kwa sababu ya beberu, na alidanganya umri wake, akiuongeza mbele ya vijana na kuupunguza mbele ya wajane.

Lakini kuna jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu nianze kuandika, na sasa sina tena vichekesho vya kujifichia.

Ilikuwa kipupwe, upepo wa Dodoma unakata ngozi, na tulipata habari kwamba Bwana Shauri atakuja kesho yake kukagua tanuri. Nilifungua vifungu vyangu nivihakiki vyote. Kimoja kilisema pasiwe na kitu chochote cha miti au nyasi ndani ya hatua ishirini kutoka tanurini, kwa ajili ya moto. Kifungu hicho kilikuwepo siku zote, nilikuwa nimekiruka tu. Nikahesabu hatua kutoka tanurini hadi ulingo, viatu vikilia. Zilikuwa kumi na nne.

"Mzee, ulingo huu uvunjwe leo."

Alikuwa akichambua kuni. Hakuinuka. "Watalala wapi?"

"Chini. Kama watu wote."

"Chini ndiko anakopumulia, Karani. Na leo jioni ataanza kucheua."

"Tuujenge tena akishaondoka Bwana Shauri. Siku mbili tu."

"Siku mbili ni nyingi."

Nikatoa kadi, Mungu anisamehe. Ilikuwa saa kumi, moshi ulikuwa umekwisha, na juu ya tanuri palikuwa na anga tupu la buluu. Nilinyoosha mkono mbele ya watu wote, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Tazameni wenyewe. Sifuri. Hakuna moshi hapa. Anayeogopa hewa safi aniambie." Watu walicheka, kwa kuwa karani akitania ni lazima ucheke. Mzee alinitazama kitambo, kisha akaenda kufungua kamba za ulingo yeye mwenyewe. Hakutaka vijana wake waonekane wakibisha.

Kilichotokea baadaye alinisimulia mmoja wa waliolala pale. Mzee alipitisha kijinga chake, mwali ukawaka, akawapanga watu upande wa upepo. Lakini upepo ulikatika. Baridi ikawasukuma watu kusogea karibu na tanuri mmoja mmoja, nusu usingizini. Aliwaamsha akawavuta nyuma. Wakasogea tena. Akawaamsha mara ya pili, na mara ya tatu, akiwatukana matusi ambayo hawajapata kuyasikia. Mara ya nne yeye mwenyewe alikuwa amesinzia, ameketi, kijinga kimezimika mkononi.

Nilifika saa moja asubuhi na daftari langu kwa ajili ya kipimo. Wawili walikuwa wamelazwa mbali, wanatapika, wameshika vichwa. Wa tatu alikuwa bado katika kijibonde alichojichagulia kwa joto lake, amejikunja ubavu, mkono chini ya shavu. Mzee alikuwa amepiga magoti akishika nyayo zake. Alikuwa amezishika tangu alfajiri, na hakuna aliyethubutu kumwambia aziachilie.

Nikatazama juu ya tanuri. Sifuri. Najua nilitazama, kwa sababu niliandika. Mkono uliandika peke yake, na hadi leo ninapoikumbuka namba ile naona aibu inanipanda mpaka masikioni.

Bwana Shauri alikuja kama alivyoahidi, ukaguzi ukageuka shauri. Aliniuliza mimi kwanza. Daftari linasemaje? Nikasema, jana saa kumi sifuri, leo saa moja sifuri. Kwa hiyo hapakuwa na moshi? Hapakuwa na moshi, Bwana. Akafunga daftari kwa uangalifu. Kama moshi haukuwepo, alisema, basi aliyeua si moshi bali uzembe, na mwenye dhamana ya watu pale ni nani? Akamwuliza Mzee kama ni kweli alisinzia. Mzee akasema ni kweli. Akamwuliza kama ana neno.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwa Mzee. Nilijua neno lenyewe, nalo lilikuwa fupi: ulingo. Nilingoja alitaje, na moyoni nikawa nimeshatunga jibu langu, lenye kifungu na namba ya kifungu. Mzee akasema hana neno. Mimi nikatazama viatu vyangu. Siku hiyo havikulia hata kidogo.

Kwa ajili ya mvi zake alisamehewa kiboko. Alifungwa mnyororo wa shingo pamoja na wafungwa wengine na kupelekwa kubeba mawe, na mawe yenyewe yalikuwa ya tanuri lile lile. Nilimwona kila siku saa moja, saa sita na saa kumi, akipita na jiwe kichwani huku mimi nimenyoosha kadi. Yeye bado alinisalimu, "Mbukwenyi, Karani." Ningefurahi kama angenitemea mate.

Aliyemtoa kwenye mnyororo hakuwa mimi. Ilikuwa chokaa. Bila yeye tanuri lilitoa mawe nusu mbichi, mafundi wakapaka hivyo hivyo, na mvua ya kwanza ikabandua ukuta wa mbele wa boma kama ngozi ya muhogo. Bwana Shauri alitazama ukuta, akatazama kilima, akaagiza mzee yule arudishwe kazini. Hakuna aliyesema amesamehewa.

Siku aliyorudi nilikwenda mapema. Vijana wake walikuwa wamerundika miti mipya pale pale ulipokuwa ulingo, lakini hakuna aliyeanza kujenga. Walikuwa wananisubiri mimi nipime. Nikaweka kisigino ukutani mwa tanuri nikaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Nilikuwa nikipiga hatua za bibi harusi, kidole kikigusa kisigino. Mtu mmoja akaguna kwa kicheko, kisha wote wakaangua. Nilipofika ishirini nilikuwa bado sijafika ulingoni, nikatamka kwa sauti ya serikali, "Hatua ishirini zimetimia. Jengeni." Ilikuwa mara ya kwanza wanicheke nami nikafurahi.

Tangu hapo nilikuwa karani wa Mzee kuliko wa boma, ingawa mshahara ulibaki kule. Aliponiambia ng'ombe anacheua, niliandika namba tatu hata kama anga ni tupu, maana kifungu kilisema moshi ukifika tatu watu wasikaribie tanuri. Bwana Shauri alishangaa kuona moshi wa Dodoma umechafuka ghafla baada ya kutakata kwa muda mrefu. Nilimwambia nimesafisha kadi. Hilo lilikuwa kweli, niliisugua kwa maji ya limau. Kwa miaka iliyofuata, mpaka nilipohamishwa, hakuna mtu aliyelala tanurini asiamke. Daftari langu lilijaa uongo tangu jalada hadi jalada, na sikuwahi kuandika kitu cha maana zaidi.

Lakini yule aliyekufa hatukumtaja kati yetu. Mzee hakuanzisha, nami nilikuwa hodari wa kutoanzisha. Nilijidanganya kwamba hatua zile ishirini zilikuwa zimenisafisha, na kwamba kunyamaza kwake mbele ya Bwana Shauri kulikuwa huruma juu yangu, kijana mwenye mke na maisha mbele. Nililibeba wazo hilo miaka mingi.

Vita vilipoanza nilihamishiwa stesheni ya Gulwe, karani wa mizigo. Magari moshi yalipita yamejaa askari na mahema, na hakuna aliyepima moshi wa mtu tena. Asubuhi moja ya masika, baada ya magari ya jeshi kupita, alishuka Mzee wa Tanuri kutoka behewa la mwisho, amezeeka, jembe begani, kifuko cha mbegu kiunoni. Nilimwamkia kabla hajagusa ardhi. Nikamketisha kwenye magunia, nikamtafutia uji. Alinieleza kwamba anakwenda kupalilia, mwendo wa saa mbili kutoka hapo. Kila mwaka wakati wa palizi hufanya hivyo.

"Una shamba huku, Mzee?"

"Si langu. La mama wa yule kijana."

Sikuuliza kijana gani. Nilikaa kwenye gunia la pili. Nikamwuliza lile ambalo nilipaswa kuliuliza miaka ile.

"Mzee, siku ile ya shauri, mbona hukusema kwamba ulingo niliuvunja mimi?"

Alikunywa uji, akafuta midomo. "Ningesema, wangekufunga wewe. Halafu wangeleta karani mwingine. Huyo angekuja hajui kitu. Wewe ulikuwa umeshajua."

"Kwa hiyo hukuwa unanihurumia."

"Wewe?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kisha akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Karani, mimi nilikuwa na watu wanaolala pale."

Huo ndio ukawa mwisho wa wazo langu zuri. Nilifunga mlango wa bohari, nikamwambia msaidizi wa stesheni ninaumwa tumbo, nikamfuata.

Njiani nilimwuliza mama yule anajua nini. Alisema alimwambia ukweli siku alipompelekea habari za msiba, kwamba yeye ndiye aliyekuwa mlinzi na alisinzia. Nikamwuliza kama alimwambia kuhusu ulingo. Akasema kwamba ulingo haukuwa wake kuusema.

Tulimkuta shambani, katikati ya uwele uliofika magotini, ameinama na jembe. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, na alipomwona Mzee alinyoosha mgongo, akamsalimu kama ndugu. Kisha akauliza huyu ni nani. Kigogo nilikuwa nimejifunza, kibovu cha kuchekesha watoto, lakini cha kuelewa nilikuwa nacho. Nilimsikia Mzee akijibu, "Ni karani wa stesheni. Amekuja kusaidia palizi."

Mlango ulikuwa wazi kabisa wa mimi kukaa kimya tena.

Nikasema. Nilisema kwa Kigogo changu kile kile, maneno yakigongana, kwamba palikuwa na jukwaa la kulalia watu, juu, salama. Kwamba Mzee alikataa lisivunjwe. Kwamba mimi ndiye niliyeamuru, kwa ajili ya karatasi, na nikawacheka walioogopa. Kwamba siku ya shauri niliulizwa nikalinyamazia hilo, na Mzee akafungwa mnyororo. Nilipokosa neno la Kigogo nilisema la Kiswahili, na nilipokosa la Kiswahili nilisimama tu mikono imening'inia.

Mama yule alikuwa akinitazama usoni, na mimi kwa mara hii sikutazama chini.

"Mwanangu alilia?" akauliza.

"Hapana, mama. Nilimwona asubuhi. Alikuwa ameweka mkono chini ya shavu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia kitu anachokijua. "Ndivyo alivyolala tangu mdogo," alisema.

Halafu akageuka, si kwangu, bali kwa Mzee, ambaye tayari alikuwa ameinama anang'oa magugu kwa mkono ili asitutazame.

"Miaka yote hii," alimwambia, "umekuwa ukipalilia sehemu ya watu wawili."

Mzee hakuinuka. Nilimwona mabega yake yakishuka, kama ya mpagazi anayetuliwa mzigo.

Yule mama akaja mpaka niliposimama, akanishikisha jembe lake mkononi, akaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta wa tembe lake.